Pombe Isiyongoja: Vilabu vya Lemara na Mji wa Arusha

Mbege ina siku yake. Ikichanganywa jioni, kesho yake mchana imeiva: povu limesimama, utamu wa ndizi bado upo, uchungu wa msesewe unafuata nyuma. Siku ya pili imekolea na inauma ulimi, na wapo wazee wanaoipendea hapo hapo. Baada ya hapo ni ya kumwaga. Karibu kila nilichokiona kwenye vilabu vya pombe za kienyeji hapa Arusha, tangu bei mpaka ugomvi, tangu mabenchi mpaka askari wanaobisha hodi saa nne asubuhi, kinatokana na jambo hilo moja: pombe yenyewe haingoji mtu.

Nazungumza kama mtu wa Lemara na kama mtoto wa mpika mbege. Mama yangu alitoka Machame kumfuata baba aliyepata kazi ya udereva mjini, wakapanga chumba Lemara wakati huku bado ni mashamba ya mahindi na maharage na njia ya ng'ombe wa Waarusha. Mshahara wa baba ulilipa kodi na unga. Ada, madaftari, viatu na bati la kwanza la nyumba yetu vililipwa na pipa lililokuwa nyuma ya jiko. Mimi nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na mpaka leo nikiingia kilabuni natazama pipa kabla sijatazama watu.

Kazi yenyewe huanza wiki nzima kabla ya mnywaji wa kwanza kuketi. Mikungu hununuliwa mibichi, mama alikuwa akiifuata Tengeru siku za gulio, kisha ndizi zinavumbikwa mpaka maganda yapate madoa meusi. Humenywa na kuchemshwa saa nyingi juu ya kuni, huku mtu akikoroga, mpaka rojo lake liwe la kahawia nyekundu. Rojo hilo likipoa humiminwa kwenye pipa, hufunikwa na kuachwa lichachuke siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu. Wakati huo ulezi umelowekwa, umechipua, umeanikwa na kusagwa. Siku ya kuchanganya, unga wa ulezi hupikwa uji na kutiwa magome ya msesewe yaliyotwangwa, mti ambao humea kando ya mito. Uji huo ni mso. Nyalu hutiwa maji, hukamuliwa, huchujwa, halafu hukutanishwa na mso, na kuanzia hapo saa inahesabu.

Mama hakuwa na kipimo chochote cha dukani. Alichovya mwiko, akauinua usawa wa macho na kutazama tone la mwisho. Likidondoka upesi aliongeza mso. Likining'inia sana aliongeza maji. Kisha aliweka kidogo mdomoni, akakizungusha, akatema pembeni. Msesewe ukizidi, uchungu unafunika ndizi na wateja wananuna. Ukipungua, pombe inakuwa uji mtamu wa watoto na inaharibika haraka zaidi. Sisi watoto tulijua siku nzuri kwa uso wake kabla hajasema neno.

Maarifa haya ni ya zamani kuliko mji. Wameru, ambao lugha yao ni ndugu wa Kichaga cha upande wa Machame, walikuwa na migomba kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Meru muda mrefu kabla ya Waarusha kufika. Waarusha walikuja mlimani kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kama miaka ya 1830, wakiwa watu wa lugha ya Kimaasai na desturi za rika. Walichukua ukulima wa migomba kwa majirani zao, lakini pombe yao ya heshima ilibaki ile ya asali. Vijana wa rika la morani hawakutakiwa kuigusa. Ilikuwa ya wazee, ya tohara, ya ndoa, ya baraka zinazopulizwa kwa mdomo juu ya vichwa vya watu, na ya kumaliza mashauri. Gulliver, mtaalamu wa mila aliyeishi miongoni mwa Waarusha mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu ya mashauri yao mwaka 1963, aliwakuta wakipatana kwa kukaa na kuzungumza mpaka pande mbili zikubaliane, bila hakimu wa kuwaamulia. Mpaka leo huku mlimani, shauri likiisha bila pombe, watu huuliza kama kweli limeisha.

Pombe ya asali haikujenga vilabu. Asali yenyewe hukaa. Unaitunza kibuyuni mpaka siku ya shughuli, ndipo unapika kwa ajili ya siku hiyo na kwa watu uliowaita. Ndizi mbivu haina subira hiyo. Ikiiva mikungu mitano kwa pamoja, ni pombe nyingi kuliko kaya moja inavyoweza kunywa, na lazima inywewe kesho. Majirani wataitwa watake wasitake. Zamani mlimani waliitwa kama wageni na wasaidizi wa kulima. Mjini wanakuja na hela mkononi. Kilabu cha Lemara ni ule ule mwito wa jirani, umeongezwa bei tu.

Mji wenyewe ulianza na boma la Wajerumani, lililojengwa kati ya mwaka 1899 na 1900 baada ya vita na adhabu kali zilizofuata kuuawa kwa wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, mwaka 1896. Boma hilo sasa ni makumbusho. Kuzunguka boma wakaja askari, wapagazi, wenye maduka, Makaburu na Wagiriki wenye mashamba, na nyuma yao watu wa kila kabila wenye kiu. Sheria za kileo nazo zilifuata. Mataifa ya Ulaya yalishakubaliana Brussels mwaka 1890 kudhibiti uingizaji wa vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza kamba hiyo. Chini ya Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kisheria kunywa vileo vikali vya Kizungu mpaka katikati ya miaka ya 1950. Mzungu alikuwa na baa ya hoteli. Sisi tuliachiwa pipa, na pipa nalo likawekewa leseni.

Serikali za wakoloni hazikuchukia pombe ya kienyeji kama walivyodai wahubiri. Ziliipenda kwa sababu ilileta mapato. Manispaa ya Durban, Afrika Kusini, ilijitwalia haki ya kupika na kuwauzia Waafrika kuanzia mwaka 1908, na faida ikalipia gharama za kuwatawala hao hao wanywaji. Nairobi iliiga kule Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tanganyika nayo ilikuwa na masoko ya pombe mijini, ambako mpikaji alilipia ruhusa na mnywaji akanywa mahali panapoonekana na polisi. Kwa ofisa mwenye daftari huo ni utaratibu mzuri. Kwa mbege ni shida, kwa sababu mpikaji mmoja hawezi kuwa na pombe nzuri kila siku. Pipa lake linaiva mara moja kwa wiki, likiisha limeisha.

Wanawake wa mitaa yetu walitatua hilo bila ofisi. Walipokezana. Leo kwa mama fulani, kesho kwa mwenzake wa ng'ambo ya korongo, keshokutwa kwa yule mjane wa karibu na barabara. Wanywaji waliijua zamu kichwani, na kilabu kilihama nyumba hata nyumba ndani ya wiki. Kila mmoja alipata siku yake ya hela, na hakuna aliyemwaga pombe kwa kukosa wateja. Aliyevunja zamu, akapika siku ya mwenzake, alisusiwa hata ndoo ya kuazima. Nimesoma habari nyingi za vyama vya akiba na mikopo tangu wakati huo, na sijaona chenye nidhamu kuzidi ile.

Sheria na zamu ziligombana hasa juu ya saa. Pombe iliyochanganywa jioni iko tayari kesho yake mapema, lakini serikali haitaki watu wanywe saa za kazi. Ukingoja jioni unauza iliyokwisha kupita kilele chake. Kwa hiyo mpikaji wa asubuhi ni mkosaji hata kama hajamlevya mtu, na chupa moja ya soda iliyojazwa mbege na kutumwa kwa mgambo imesuluhisha kesi nyingi ambazo hazikuandikwa popote.

Kisha likaja Azimio. Kikao cha chama tawala, TANU, kilifanyika hapa kwetu, Kaloleni, katika jengo ambalo baadaye lilifanywa makumbusho, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Watu wanakumbuka miiko ya viongozi na kutaifishwa kwa mabenki. Mimi nakumbuka sehemu nyingine, ile inayosema kwamba nguvu za mamilioni ya wanaume vijijini na maelfu ya wanawake mijini zinapotea katika maongezi, ngoma na ulevi, na kwamba nguvu hizo ni hazina kubwa kuliko misaada ya mataifa tajiri. Nilifundisha maneno hayo darasani kwa sauti kubwa, chaki mkononi, na nilikubaliana nayo kwa upande wa wanaume. Kwa wanawake wa mjini nilikuwa na la kusema. Mama aliamka saa tisa usiku kuwasha kuni. Hao waliopotezea nguvu zao kilabuni walimkuta tayari amefanya kazi ya siku nzima.

Serikali yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1966 ilikuwa imetunga sheria ya pombe ya moshi, yaani gongo, ile inayoitwa piwa huku kaskazini. Mwaka 1967, katika wiki ile ile ya Azimio, ilitangaza kuchukua sehemu kubwa ya hisa katika viwanda vya bia. Na katika sehemu nyingi za nchi matawi ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) yaliendesha vilabu vya pombe za kienyeji kama mradi wa kina mama. Kwa hiyo asubuhi ulihimizwa kuacha ulevi, na jioni ulinywa kwa faida ya umma.

Chupa ilikuwa habari nyingine kabisa. Bia ya kiwandani ilikuwa ikipikwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1930, na sifa yake kubwa kuliko ladha ilikuwa kwamba inakaa. Unaweza kuipakia kwenye lori, kuishusha Arusha, kuiweka rafuni mwezi mzima na kuiuza kwa mtu usiyemjua. Mwenye baa hahitaji zamu wala majirani, anahitaji mtaji na kreti. Lakini miaka ya 1980 uchumi ulipobana, hata chupa ikaanza kungojwa: bia ilipatikana kwa kibali, na muuzaji hakukupa iliyojaa mpaka umlete tupu. Ndizi hazikuhitaji fedha za kigeni. Mapipa ya Lemara yalinywesha harusi, misiba na sherehe za ubarikio, na mama alipanua jiko. Mwaka 1993 Waafrika Kusini waliingia ubia kwenye kampuni ya bia, chupa zikarudi kwa wingi, na leo ukitembea kutoka Lemara kuelekea eneo la viwanda la Themi unapita kiwanda cha bia ambacho machicha yake yananenepesha ng'ombe wa nusu ya mji.

Sasa nieleze vilabu vyenyewe kama nilivyovikuta hivi karibuni, maana historia bila kopo mkononi haikamiliki. Majina siyataji, wengi wa wenye nyumba hizi wana leseni ya mama lishe tu.

Cha kwanza ni cha hapa hapa Lemara, chini ya mparachichi, upande wa korongo. Mabenchi ni mbao za mirunda ya ujenzi, na wateja wa mchana ni mafundi wenye vumbi la saruji, dereva wa bodaboda mmoja au wawili, na wazee wa zamani niliowafundishia wajukuu. Nilimkuta mwenye nyumba akichuja.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Ya lini hii?”

“Ya jana jioni, mama. Ingekuwa ya juzi ningekwambia mwenyewe ukanywe chai.”

Alijimiminia kidogo, akanywa mbele yangu, kisha akanijazia. Ndiyo adabu: anayeuza huonja kwanza, mgeni ajue haina ubaya. Mso wake ni laini, ndizi inasikika, kopo linajaa mpaka ukingoni. Kasoro ni chujio la wavu wa plastiki linaloacha pumba za ulezi zikakwama kwenye meno. Jumamosi kabla ya saa saba mchana, hapa pananitosha.

Cha pili kiko Unga Limited, mtaa uliobeba jina la kampuni ya unga na uliojaa watu waliokuja kutafuta kazi kutoka kila pembe: Singida, Kondoa, Babati, Mbulu. Hapa mbege ni mgeni. Mwenyeji ni dadii, ya nafaka, nzito, ya kushibisha. Dadii yao naisifu. Ina uchachu safi na mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri anaihesabu kuwa chakula. Mbege yao siisifu. Imetiwa sukari ili ichachuke haraka, na sukari hiyo inakaa kooni na kesho yake kichwani. Mwenye kilabu hana zamu na wenzake. Anafungua kila siku, kwa hiyo lazima aikimbize. Watu wake pia wanakimbizwa: wanakunywa wamesimama, wanalipa, wanaondoka. Sikusikia mzaha hata mmoja uliochukua zaidi ya sentensi mbili.

Cha tatu kiko juu ya Tengeru, kwenye migomba ya Wameru, na ukifika siku ya gulio unakuta kina mama waliouza ndizi asubuhi wamekaa upande mmoja na wazee upande mwingine. Hapa bado wana kata, kibuyu kilichokatwa na kubakiwa na mpini, na inazunguka kwa umri; kijana akinyoosha mkono kabla ya zamu yake anatazamwa tu, anaurudisha. Mti wa msesewe uko mtoni, mita chache kutoka jikoni. Uchungu wake ni ule wa mama: unafika mwisho, unakaa kidogo, unaondoka. Katika mbege zote za kununua, hii naiweka mbele. Inashinda kwa sababu ndizi, mti, maji, mpikaji na mnywaji wote wako ndani ya umbali wa kuitana kwa sauti.

Wapo waliotafuta njia ya kuifanya ndizi nayo ijue kungoja. Mwaka 1993 Adolf Olomi alianzisha hapa Arusha kiwanda cha Banana Investments, kikatoa mvinyo wa ndizi kwenye chupa, maarufu kwa jina la Raha. Ni akili ya biashara na imewapa wakulima wa ndizi soko. Bei yake iko chini ya bia na mtu wa kipato cha kibarua anaimudu. Naiheshimu. Ila chupa ya Raha inauzwa dukani, na anayeinunua anaweza kuinywa peke yake ukutani. Viroba vilizidi hapo: pombe kali kwenye kifuko cha plastiki, ya kufyonza ukiwa kwenye pikipiki. Nilipoteza vijana niliowafundisha kwa vifuko hivyo. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na kwa mara moja katika maisha yangu nilifurahia sheria ya kileo. Kilabuni mtu akizidisha kuna mzee atakayesema, na kuna mpikaji anayemjua mkewe na atakayekataa kumwongezea. Kiroba hakikuwa na mzee.

Sisemi vilabu ni mahali patakatifu. Nimeona mishahara ya wiki ikiishia mabenchini, na nimeandikiana barua na wazazi wengi ambao sababu ya utoro wa mtoto wao ilikuwa inajulikana na mtaa mzima. Ninachosema ni kwamba pombe inayoharibika kesho ina mipaka ndani yake: inapikwa kiasi, inauzwa karibu, inanywewa na watu wanaofahamiana. Pombe inayokaa imeondoa mipaka hiyo, na kazi ya kuirudisha ameachiwa polisi.

Na Lemara yenyewe sasa inaubana mkungu kuliko serikali yoyote. Mashamba yamekatwa viwanja vya ishirini kwa ishirini, nyumba zina kuta na mageti, na jirani mpya akisikia moshi wa kuni saa tisa usiku anapiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa. Ana haki yake; nguo zake zinanuka. Lakini mbege haipikwi kwenye jiko la gesi la plati mbili, na zamu ya wanawake wanane haiwezi kuzunguka kwenye mtaa uliobakiwa na nyua mbili tu. Wapikaji niliowataja hapa ni watu wazima, na mabinti zao wanauza nguo mtandaoni au wako benki. Pipa limevuka Wajerumani, Waingereza, Azimio na viroba. Likishindwa, litashindwa kwa kukosa mahali pa kuwekwa. Kwa hiyo ukiniuliza miaka kumi ijayo wapi ukanywe mbege Arusha, sitakutajia kilabu. Nitakuuliza nani bado ana uwanja wa kuwasha moto, na majirani wanaomruhusu.